Manowari ya bomba tatu: Meli ya Kijerumani iliyozikwa kwenye tope la Rufiji

Julai 11, 2025 ilitimia miaka 110 tangu manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, ilipolipuliwa na mabaharia wake wenyewe ndani ya delta ya Rufiji, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Wakazi wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, kwa dohani zake tatu zilizoonekana kutoka mbali. Kwa miezi kumi hivi, chombo hicho kimoja kilichojificha kwenye mikoko kiliilazimu Uingereza, dola lenye jeshi kubwa kuliko yote baharini wakati huo, kuleta meli, ndege na wapelelezi kukitafuta.

Leo, miongoni mwa meli kubwa zinazokuja pwani yetu zimo za utalii. Zinatia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na miaka ya karibuni zimefika hata Kilwa. Abiria wake hushuka asubuhi na kurudi jioni. Wengine hupangiwa mabasi na waongozaji, wengine huamua kutembea wenyewe na kuuona mji kwa macho yao. Mgeni wa namna hiyo, kama anapenda historia, ataikuta Königsberg vipande vipande bila kuitafuta. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, umewekwa mzinga wake mmoja. Katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yapo makaburi ya mabaharia wa Kiingereza waliouawa na mizinga hiyo. Lakini kisa chenyewe kilitokea Rufiji, nako ndiko mgeni huyo asikofika.

Mengi yanayojulikana kuhusu meli hii yamekusanywa na Kevin Patience, mtafiti aliyeiandikia kitabu kizima. Kitabu hicho ni cha meli na wanamaji, na makala haya yanakifuata katika mambo ya meli. Ila kuna watu wengine ndani ya kisa hiki ambao Mtanzania hawezi kuwapita haraka: waliobeba, waliovuta na waliopiga kasia.

Delta kabla ya vita

Rufiji haikuanza kujulikana na Wajerumani. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko katika delta hii na kuzipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako zilijengea nyumba za watu wasiokuwa na miti. Warufiji na Wandengereko walilima mpunga kwenye mabonde yanayofurika na kuijua mito kwa majina: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka kutoka Matumbi na kusambaa kusini, Ngarambe, kijiji cha kiongozi wa vita hivyo Kinjikitile Ngwale, kilikuwa katika nchi hii hii ya Rufiji. Desemba ya mwaka huo, damu ikiwa bado inamwagika huku, Königsberg iliteremshwa majini huko Kiel, Ujerumani.

Ilikuwa na urefu wa takribani meta 115, mizinga 10 na mabaharia zaidi ya 300. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Julai 31, vita vikinukia Ulaya, ilitoka bandarini na kuwaponyoka Waingereza waliotumwa kuivizia. Agosti 6 iliikamata karibu na Oman meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai. Ushindi huo haukuisaidia sana, kwa sababu shida yake ilikuwa makaa ya mawe, nayo haikuwa na pa kuyapata. Hata Dar es Salaam haikuweza kurudi: Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao linaloelea kwenye lango la bandari ili adui asiingie.

Looff akaelekea Rufiji. Meli ya upimaji ya Wajerumani, Möwe, ilikuwa imeipima mito ile, wakati Waingereza waliamini kwamba meli kubwa haiwezi kuingia. Mwanzoni mwa Septemba 1914, maji yakiwa yamejaa, Königsberg ilipanda mto na kutoweka machoni mwa dunia.

Walioiburuta injini

Alfajiri ya Jumapili, Septemba 20, 1914, Königsberg ilitokea ghafla mbele ya bandari ya Zanzibar. Manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Waangalizi wa Wajerumani wa pwani walikuwa wamekwisha kuleta habari zake. Kwa muda usiofika nusu saa, zaidi ya mabaharia 30 waliuawa au kujeruhiwa vibaya hata wasipone, na Pegasus ikazama siku hiyo hiyo. Watu wa Mji Mkongwe waliamshwa na mizinga.

Königsberg ilirudi Rufiji ikiwa mgonjwa. Injini yake iliharibika njiani, na karakana pekee iliyoweza kuitengeneza ilikuwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 100 za misitu, mabonde na mchanga. Baharini walikuwa Waingereza. Ikabaki nchi kavu.

Hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa chetu. Vyuma vizito vilishushwa kutoka kwenye meli, vikafungwa juu ya magogo yaliyounganishwa na kuburutwa kwa kamba hadi Dar es Salaam. Walioburuta ni Waafrika, vibarua na watu waliokusanywa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Hakukuwa na barabara ya lami wala daraja la kuvuka mito. Vilipotengenezwa, vikaburutwa tena kurudi Salale, ndani ya delta, ilikokuwa meli, vikafungwa mahali pake, na injini ikafanya kazi.

Tuitazame kazi hiyo kwa macho ya fundi. Meli ya vita ya dola la Ulaya ilikatika mguu, na mguu huo ukapelekwa hospitali na kurudishwa kwa mabega ya watu wa pwani. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Majimaji, na njaa iliyofuata vita vile ilikuwa bado inakumbukwa katika kila nyumba ya kusini. Watu waliopigwa na Wajerumani ndio waliolazimishwa kuiokoa meli ya Wajerumani. Vitabu vinamtaja Looff kwa jina, cheo na hata majeraha yake. Wavuta kamba wanatajwa kwa wingi wao tu. Sioni heshima katika historia ya namna hiyo, na anayeisimulia leo ana wajibu wa kuanza na hao.

Msako

Oktoba 30, 1914, manowari ya Kiingereza, HMS Chatham, iligundua mahali Königsberg ilipo. Novemba 10 Waingereza waliizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkono wa Suninga ili kumfungia Mjerumani ndani. Mwenyeji yeyote angewaambia kwamba delta ina milango mingi, na kuziba mmoja hakutoshi.

Wakaleta ndege. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa kutoka Durban na ndege ya kutua majini, akaiona meli kutoka angani Novemba, na Desemba akakamatwa na Wajerumani baada ya ndege yake kushuka. Ndege nyingine zilizoletwa ziliharibiwa na joto la eneo la Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka Januari 1915 na kutengeneza uwanja wa ndege. Gundi iliyoshika mbao zake iliyeyuka.

Kilichowafungulia njia si ndege peke yake. Mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, P. J. Pretorius, aliyekuwa na kinyongo na Wajerumani waliomnyang'anya mali yake Rufiji, aliingia kwenye mikoko akiongozana na wenyeji. Kwa mtumbwi walipima vina vya maji na kuhesabu saa za kujaa na kupwa. Pretorius alikuja kusifiwa na kuandika kumbukumbu zake. Lakini elimu ya maji yale haikutoka Afrika Kusini. Ilikuwa elimu ya wavuvi na wakata mikoko wa delta, ambao tangu utotoni wanajua kwamba wakati wa bamvua mto unampitisha mtu, na maji yakipwa unamwacha juu ya tope.

Meli mbili fupi za mizinga, HMS Severn na HMS Mersey, zilivutwa kutoka Malta. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil na zilihitaji kina kisichofika meta 2. Julai 6, 1915 ziliingia na maji, zikapigana kutwa na kurudishwa nyuma, Mersey ikiwa imepigwa na kupoteza watu. Jumapili, Julai 11, zikarudi. Juu ya delta ilizunguka ndege ya wanajeshi wawili wa Kiingereza, Cull na Arnold, wakituma ishara za kuelekeza makombora. Ndege hiyo ilipigwa, na wakati inashuka waliendelea kutuma masahihisho hadi ikaanguka mtoni, wakaokolewa. Mchana, Königsberg ikiwaka moto, Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe.

Baada ya moshi

Wajerumani hawakuiacha mizinga. Yote 10 ilitolewa majini, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu. Ikavutwa tena na watu, safari hii nchi nzima, katika vita vya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Mmoja ulifungwa kwenye meli ya Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo Watanzania tunaijua kama MV Liemba. Mwingine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Afrika Kusini.

Mwaka 1924 haki ya kuokoa vyuma vya Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200. Mnunuzi alikuwa John Ingle, nahodha wa zamani wa Pegasus, yule yule aliyezamishiwa meli yake Zanzibar. Vyuma vya thamani vikakatwa na kuuzwa miaka baada ya miaka. Mwaka 1966 gamba lililobaki lilibomoka na kumezwa na tope.

Tangu hapo habari za meli ni chache, ila delta yenyewe imeendelea kubadilika. Daraja la Mkapa, linalovuka mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuiunganisha kusini na Dar es Salaam. Mwaka 2004 mikoko ya Rufiji, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Baadaye Kibiti ikawa wilaya. Mauaji ya mwaka 2016 na 2017 yaliwatia watu hofu na kuwafukuza wageni, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliharibu mashamba na nyumba. Amani ipo, barabara ipo, ila simulizi haijapewa mahali pa kukaa.

Njia ya mgeni

Anayetaka kufika kwa nguvu zake mwenyewe anaweza. Kutoka Mbagala, Dar es Salaam, mabasi hufuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, ndipo unapoacha lami kuu na kuelekea mashariki, kama kilometa 40, hadi Nyamisati, penye gati la boti za Mafia. Kuanzia hapo mwenye amri ni maji. Nahodha wa boti atakwambia saa ya kuondoka na saa ya kurudi, nawe umtii, maana hata Königsberg ilitii. Mgeni alale Dar es Salaam au Kibiti, aondoke kabla ya jua, na apite kwanza ofisi ya serikali ya kijiji kujitambulisha, kama ustaarabu unavyotaka. Abiria wa meli ya utalii anayeshuka saa tatu na kutakiwa bandarini saa kumi na moja jioni asijidanganye: kwake delta ni mbali. Huyo ndiye anayepaswa kupewa safari iliyopangwa na watu wa Kibiti wenyewe, pengine kwa boti ya moja kwa moja.

Atakapofika hataona mabaki ya meli. Ataona msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, viboko katika maji ya juu, majaruba ya mpunga na wavuvi wanaotupa nyavu. Kisa lazima asimuliwe na mtu. Bila msimulizi, ule ni mto tu.

Ndiyo sababu Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti na Wizara ya Maliasili na Utalii zinapaswa kukaa pamoja. Hazitakiwi kujenga jengo la mabilioni. Chumba kimoja Nyamisati chenye ramani, picha na tarehe kinatosha kuanzia. Vijana wa delta wafundishwe kuongoza wageni na walipwe kwa kazi hiyo. Wazee wa Salale, Mbwera na Kiongoroni warekodiwe wangali hai, waulizwe walichosimuliwa na babu zao kuhusu kamba, magogo na mizinga. Na kibao cha kwanza kitakachosimikwa kisimtaje Looff wala Pretorius juu kabisa. Kiwataje kwanza watu wa Rufiji walioivuta injini ile kwenda Dar es Salaam na kuirudisha, kwa sababu bila wao injini ya manowari ya bomba tatu isingefanya kazi tena.