Kirusi kikizoea hupoa? Waulize sungura wa Australia

Wadau, tangu korona iingie mwaka 2020 nimeusikia sana usemi huu, vijiweni mpaka maofisini: kirusi kikishazoeana na watu, hupoa chenyewe. Ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa ndivyo ilivyo. Basi nikaanza kufukua historia, nikajikuta Australia, kwa sungura.

Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliagiza sungura kutoka Uingereza ili apate wa kuwinda shambani kwake Victoria. Wakazaana hadi wakawa mamia ya mamilioni, malisho ya kondoo yakaisha. Mwaka 1950 watafiti wakaachia porini kirusi cha miksoma kutoka Amerika Kusini, na mbu wakakisambaza. Mwanzoni kiliua zaidi ya 99% ya sungura waliokipata. Wananchi wakaogopa kwamba zamu yao inakuja, hivyo mwaka 1951 wanasayansi Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross wakajidunga kirusi hicho. Hawakuugua. (Sijui nani angethubutu leo!)

Ndani ya miaka michache vikatawala virusi vyenye ukali wa wastani. Si kwa huruma. Sungura anayekufa haraka huwapa mbu siku chache za kumuuma na kubeba kirusi. Anayeugua wiki kadhaa huwapa nyingi. Wenye usemi wao hufungia kitabu hapo, kumbe hadithi haijafika hata nusu.

Sungura nao walibadilika. Walionusurika wakazaa watoto wenye kinga imara zaidi, na kirusi kikalazimika kujibu. Tangu zamani kina ujanja wake: hutengeneza protini zinazofanana na vipokezi vya seli za sungura mwenyewe, zikadaka ujumbe wa kinga kabla haujafika unakokwenda. Sasa kikaongeza dozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima virusi vilivyokusanywa Australia miaka ya 1990 kwa sungura wa maabara, ambao mababu zao hawakuipitia vita hiyo. Wengi hawakuvimba kama ugonjwa huu ulivyozoeleka. Walikufa ghafla, kinga imezimika, bakteria wametapakaa mwilini.

Ukali huo ndio uliokiwezesha kirusi kuendelea kuishi ndani ya sungura wa porini, ambaye kinga yake ilikwisha kunolewa kwa miaka arobaini.