Waliokuwa tumboni Gaafa Dhaabaa

Wazee wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wakihesabu miaka, kuna kipindi wanachokiita Gaafa Dhaabaa. Kwa Kiborana ni wakati wa kusimama. Ilikuwa enzi ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali ya Kenya ilipowakusanya wafugaji katika vijiji vya ulinzi kama Garba Tulla na Merti ili waasi, walioitwa shifta, wasipate chakula wala maficho. Kuhama kukawa kosa.

Mfugaji asiyehama hana maziwa. Nyasi za karibu ziliisha, mifugo ikafa kwa njaa na maradhi, mingine ikapigwa risasi au kutwaliwa. Ngamia waliangamia vibaya, na ngamia ndiye anayekamuliwa kiangazi ng'ombe wakishakauka. Nyumba iliyozoea kuanza siku kwa kibuyu cha maziwa ikabaki kungojea unga wa msaada, na mjamzito akala kilichokuwepo.

Masimulizi ya Dhaabaa huwataja waliouawa na mifugo iliyopotea. Waliokuwa tumboni nao wana sehemu yao katika historia hiyo.

Yaliyowapata watoto wa njaa yanajulikana zaidi Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi, na posho ya mtu mjini Amsterdam ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Hospitali ziliendelea kuandika kila uzazi. Miongo baadaye watafiti waliwatafuta watoto hao wakiwa watu wazima: waliokuwa tumboni wakati wa njaa, miili yao ilishindwa zaidi kudhibiti sukari, na waliopatwa na njaa hiyo mimba ikiwa changa waliugua zaidi moyo.

Mtoto aliye tumboni akikosa chakula, mwili wake huutanguliza ubongo. Figo, kongosho na mishipa hugawana kinachobaki. Mwili unajipanga kwa maisha ya uhaba, kisha shibe ikija ukubwani, mpango ule unageuka mzigo.

Hata kaskazini mwa Kenya jambo hili limechunguzwa. Kwa Wasamburu, majirani wa Isiolo, watafiti wakiongozwa na mwanaanthropolojia Bilinda Straight walilinganisha ndugu wa jinsia moja: mmoja alikuwa tumboni wakati wa ukame wa 2008 na 2009, mwenzake hakuwa. Walikuta dhiki ya ukame ikihusiana na ukuaji wa mtoto na alama za kikemikali juu ya jeni zake.

Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na wanawake walibeba mimba katika kiangazi hicho. Maziwa ya ngamia yamerudi: siku hizi ushirika wa akina mama wa Anolei huyakusanya Isiolo na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi. Lakini mtu aliyezaliwa Garba Tulla mwaka 1967 anapokuja kupimwa sukari au shinikizo la damu, mhudumu ana sababu ya kumwongezea swali moja: mama yako alikuwa wapi, na alikula nini, alipokuwa na mimba yako?