Makaburi ya Sanga: meno yanataja umri, vyungu vinaufuata

Hadithi za mto Lualaba mara nyingi huanzia kwa Tippu Tip na Stanley, miaka ya 1870. Lakini huko juu, kabla maji hayajafika Kongolo, Kasongo na kwetu Kindu, kuna makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux waliyachimba mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Mengi ni ya karne ya 10 hadi ya 13. Wafu walizikwa na vyungu, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba, shaba ambayo ilitoka mbali, upande wa kusini.

Umri wa marehemu husomwa kwenye meno na mifupa. Gego la pili hutoka karibu na miaka 12. La mwisho, miaka 17 au zaidi. Mifupa ya mikono na miguu ya mtoto ina ncha ambazo bado hazijashikana na mfupa wenyewe. Hushikana moja baada ya nyingine wakati wa ujana, na msichana humtangulia mvulana. Njaa au ugonjwa mkali wa utotoni nao huacha mistari kwenye meno, na mistari hiyo haifutiki. Ila mifupa ya mtu wa miaka 13 haisemi wazi kama ni msichana au mvulana, kwa sababu nyonga bado haijakomaa.

Huko Uingereza, Mary Lewis wa Chuo Kikuu cha Reading amesoma hivyo mifupa ya vijana wa zama zilezile. Walianza kubalehe kama wa leo, lakini walichelewa kumaliza.

Sanga wana lao. Umri ulipolinganishwa na vyungu, ilionekana kwamba ukubwa wa chungu ulifuata umri wa marehemu: mtoto kidogo, mtu mzima kikubwa. Aliyekufa kijana, basi, alipimiwa chungu chake na watu waliojua amefikia wapi katika kukua. Bila meno, nani angetambua hesabu hiyo? Mtu angeona vyungu vikubwa na vidogo tu.

Ndiyo maana anayechimba udongo wa matofali akakuta mfupa na chungu pamoja, kisha akabeba chungu na kutupa mfupa, anabaki na chungu tu.