Ghala Limejaa, Mtoto Ana Njaa: Somo la Mpango wa Lishe wa Iringa kwa Miradi ya Kanisa

Utangulizi

Kila mwisho wa mwaka sharika zetu hupeleka taarifa za miradi makao makuu ya dayosisi. Ndani yake twasoma ya kwamba semina zimefanyika, mitamba imegawiwa, mashine ya kusaga imefungwa. Ni nadra kusoma ni nani aliyefaidika, na kwa jinsi gani. Katika makala hii nakusudia kuonyesha, kwa kuitazama historia ya Nyanda za Juu Kusini, kwamba kazi isiyofungamanishwa na faida yake yaweza kukamilika yote huku mhitaji akibaki vile vile alivyokuwa.

Ghala la taifa

Tangu miaka ya 1970 mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ilihesabiwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ili mkulima wa mbali asiumizwe na gharama za usafirishaji. Mbolea iliuzwa kwa ruzuku, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita Makambako na Mbeya. Kwa kipimo cha magunia, kazi hiyo ilizaa matunda.

Lakini kulikuwa na kipimo kingine. Mwaka 1984 watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha pia Njombe, Makete na Ludewa. Asilimia 56 walikutwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa katika hali mbaya sana. Ilidhaniwa ya kwamba mahindi yakiwa mengi, mtoto atashiba. Lakini kuna mnyororo unaotoka shambani hadi kinywani mwa mtoto.

Kutoka tendo hadi lengo

Upimaji huo ulikuwa sehemu ya mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia. Waliouandaa hawakuanza na orodha ya shughuli. Walianza na mtoto, wakarudi nyuma wakiuliza sababu. Sababu za karibu ni mbili: ulaji duni na maradhi. Nyuma yake kuna upungufu wa chakula nyumbani, upungufu wa matunzo kwa mama na mtoto, na upungufu wa huduma za afya na mazingira safi. Nyuma zaidi kuna swali la nani ana mali, na nani ana mamlaka ya kuamua.

Tutoe mfano mmoja. Mahindi yamo ghalani, lakini mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto hula mara mbili tu kwa siku. Tumbo lake ni dogo: uji mzito humshinda, na uji mwepesi hauna nguvu ya kutosha. Basi kuongeza magunia hakumsaidii mtoto huyu. Kinachomsaidia ni kupunguza mzigo wa mama, kuwa na mahali pa kulishia watoto karibu na kazi, na kutumia unga wa kimea, unaoulainisha uji mzito bila kuupunguzia nguvu. Kila shughuli ilipewa neno lake «ili».

Hata kupima uzito hakukuhesabiwa kuwa ni lengo. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa katika Siku ya Afya ya Kijiji, na matokeo yakapelekwa mbele ya uongozi wa kijiji, ili wazee waulize: kwa nini huyu amepungua, nasi tutafanya nini? Mizani bila swali hilo ni chuma tu.

Matokeo na mipaka yake

Kufikia mwaka 1988, katika vijiji vile 168, uzito pungufu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 38, na ule wa hali mbaya sana hadi asilimia 1.8. Mwaka 1990 UNICEF iliufanya uchambuzi huo wa sababu kuwa msingi wa mkakati wake wa lishe ulimwenguni. Hata hivyo, takwimu hizo peke yake hazituambii ni shughuli ipi iliyoleta sehemu ipi ya mafanikio.

Wala jambo hili halikumalizika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu, yaani ufupi wa kimo kwa umri, uliwapata watoto wapatao asilimia 57 katika Mkoa wa Iringa na 50 katika Mkoa wa Njombe, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Kimo na uzito ni vipimo tofauti, hivyo tusizilinganishe tarakimu hizo na zile za 1984. Lakini swali limebaki lile lile, na watoto hao ni wabatizwa wetu.

Somo kwa Kanisa

Sisi Walutheri twafundisha kwamba matendo mema hayatuhesabii haki mbele za Mungu. Yapo kwa ajili ya jirani. Ikiwa ndivyo, hatuna budi kuuliza kama yamemfikia jirani. Katika Katekisimu Ndogo, Luther alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, aliujumuisha katika mkate wa kila siku shamba, nyumba, serikali njema na amani. Yeye naye aliuona mnyororo.

Naandika haya nikiwa mwenye kosa. Nikiwa mchungaji kijana niliandika katika taarifa yangu kwamba mashine ya kusaga ya usharika imefungwa na kuwekwa wakfu. Ilikuwa kweli. Sikuandika kwamba akina mama waliendelea kutwanga, kwa kuwa ada tuliyoweka iliwashinda, maana sikuwa nimewauliza.

Basi, ndugu wachungaji na wanafunzi, kabla ya kuomba fedha za mradi tuandike sentensi tatu: tutafanya nini, ili nani apate nini, ili maisha yake yaweje. Kisha tuwasomee wale wanaotajwa humo, nasi tukubali kusahihishwa nao. Injili haipimwi kwa mizani, lakini mtoto hupimwa. Na akiwa amepungua, taarifa yetu nzuri haitamwongezea hata robo kilo.