Bunduki Isiyo na Jina: Kuusoma Mkono wa Fundi Asiyejitaja

Watunzi wetu wa kale walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho wa utenzi. Ukurasa huo ukiliwa na mchwa, kazi hubaki yatima, na kila mtu humtafutia baba amtakaye. Mafundi wa bunduki nao wana desturi inayofanana na hiyo: jina la karakana huchorwa juu ya mtutu, au kasiba kama walivyoiita wazee wa pwani. Hata hivyo, zipo bunduki nyingi za kale, nzuri ajabu, zisizo na jina lolote. Makala haya yanaeleza jinsi zinavyotambuliwa na kuthaminiwa, kwa kuwa naona elimu hiyo inatufaa hata sisi ambao silaha yetu ni kalamu.

Kwanza tufafanue tunachokizungumzia. Gobori la babu zetu lilishindiliwa baruti kwa mdomoni, na ndani ya mtutu wake mlikuwa laini. Raifo ina mifereji inayozunguka ndani ya mtutu. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kuna raifo za kiwandani, zilizotengenezwa kwa maelfu, na kuna raifo za kuundiwa mtu, mfano wa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mvaaji. Fundi hupima urefu wa mkono wa mteja, huchagua mti wa jozi wenye mishipa mizuri, kisha huchonga tako litakalokaa begani pake bila taabu.

Zama za dhahabu za raifo hizo zilikuwa kati ya mwaka 1898 na Vita vya Pili vya Dunia, na nchi zetu zilihusika. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea raifo ya Mauser ambayo komeo lake lilikuwa imara kupita yote yaliyotangulia. Wafua bunduki wa London, kama vile Rigby, walizitumia komeo za Mauser kuunda raifo za wawindaji waliokuja Afrika. W.D.M. Bell, aliyewinda ndovu huko Karamoja, Uganda, alipata sifa kwa kutumia Mauser ya Rigby yenye risasi nyembamba ya milimita 7. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwezi Aprili 1909, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Springfield ya kijeshi iliyobadilishwa tako ili ifae uwindaji. Mwaka 1923 Seymour Griffin, fundi wa mbao, na James Howe, fundi wa chuma, walianzisha karakana yao New York. Na Ernest Hemingway alikuja na Springfield iliyoundwa na karakana hiyo katika safari yake ya Tanganyika ya 1933 na 1934.

Kwa nini basi bunduki nyingine hazina jina? Sababu ni kadhaa. Katika miji ya mafundi kama Suhl, Ujerumani, na Ferlach, Austria, kazi iligawanywa: huyu alitengeneza mtutu, yule alichonga mti, mwingine alitia nakshi, na muuzaji wa mwisho ndiye aliyeandika jina lake, au hakuandika kitu. Huko Marekani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, seremala na mafundi wengi wadogo walizigeuza Mauser na Springfield za kijeshi kuwa raifo za kuwindia, wakamkabidhi mteja kazi bila saini.

Mtambuzi mzuri haanzi kwa kuuliza, "Ni ya nani?" Huanza kwa kuuliza, "Ni nini?" Hutazama mifupa kabla ya mavazi. Komeo la Mauser ya 1898 lina meno matatu ya kufungia, mawili mbele na moja nyuma, na bunduki hujikoki komeo linapofunguliwa. Mauser za 1893 na 1895 hazina jino la tatu, nazo hujikoki komeo linapofungwa. Kwa dalili hizo mbili tu, bila kusoma herufi hata moja, mtu amekwisha kujua uzao wa bunduki na mwaka ambao haiwezi kuwa imetangulia.

Baada ya mifupa huja mihuri. Nchi kadhaa za Ulaya ziliweka sheria kwamba kila mtutu ujaribiwe kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, na uliosalimika ugongwe alama. Chini ya sheria ya Ujerumani ya 1891, alama zilikuwa taji juu ya herufi kama B, U na G. Sheria mpya ya 1939 ilizibadilisha, ikaleta tai juu ya herufi N. Birmingham iligonga taji juu ya BP na BV tangu 1904. Marekani haikuwa na sheria ya namna hiyo, kwa hiyo mtutu usio na muhuri wowote huenda ulitengenezwa huko. Kutokuwapo kwa alama nako ni alama, kama vile kimya cha mshairi juu ya jambo lililokuwa midomoni mwa wenzake.

Kisha huja mahali pasipoonekana. Tako likifunguliwa na mtaalamu, chini ya mtutu au nyuma ya bamba la kitakoni mara nyingine hukutwa herufi za jina la fundi, namba ya kazi, au maandishi ya penseli. Mwisho hutazamwa mkono wenyewe: vijimraba vilivyochongwa kwenye mti ili mkono usiteleze, mkunjo wa kishikio, namna chuma kilivyolala ndani ya mti bila kuacha hata upenyo wa unywele. Kila karakana ilikuwa na lahaja yake, na aliyezoea kuona kazi zake huitambua kama sisi tunavyomtambua Mwamu kwa maneno yake.

Utambuzi huu si anasa ya wakusanyaji tu. Una uhai wa watu ndani yake. Risasi ya Mauser ya milimita 8 ina matoleo mawili: la zamani lenye kipenyo cha inchi 0.318, na lililofuata mwanzoni mwa karne ya 20, lenye inchi 0.323. Kwa macho ni mamoja; lakini risasi nene ikipigwa katika mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kiasi cha kuweza kumdhuru mpigaji. Vilevile, Springfield za karakana ya serikali zenye namba chini ya 800,000 zilichomwa kwa njia iliyofanya chuma cha baadhi yake kiwe rahisi kuvunjika, na nyingine zilipasuka. Tako zuri la jozi haliponyi kasoro hiyo. Ndiyo maana bunduki isiyo na jina haijaribiwi kwa kupigwa. Hupelekwa kwa fundi aipime ndani. Na kwetu, aliyeikuta katika sanduku la marehemu na aanzie kituo cha polisi, maana Kenya na Tanzania zote zinataka kibali kwa kila silaha.

Thamani nayo ina hesabu yake. Hutazamwa ubora wa kazi, uhalisi wa vipande, hali ya mtutu, na ushahidi wa maandishi: barua, risiti, picha ya mwenyewe akiwa nayo. Anayesugua kutu hadi chuma kimeremete, au anayepaka mti rangi mpya, huondoa sehemu kubwa ya bei kwa mkono wake mwenyewe. Bunduki isiyo na jina kwa kawaida huuzwa chini ya ndugu yake mwenye jina, hata kama kazi ni sawa. Pengo hilo ndilo linalowatia watu tamaa ya kuchora jina kubwa mahali palipokuwa patupu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Nasi tuna majina makubwa yanayovuta kila kisicho na mwenyewe. Shairi la kale lenye ushujaa huambiwa la Fumo Liyongo; lenye kejeli ya Mombasa huambiwa la Muyaka. Mashairi mengi ya Muyaka yametufikia kwa sababu W.E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, aliyaandika kutoka vinywani mwa watu miongo mingi baada ya mtunzi kufariki, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Katika safari ndefu kama hiyo, jina kubwa huweza kumeza dogo. Huenda kuna mwanamke wa Pate au fundi wa Mvita aliyetunga beti zilizo bora, na sisi tunampokonya kila tunapozisoma kwa jina la mwingine.

Wathamini waaminifu wana ngazi za kusema ambazo ningependa wanafunzi wetu wa fasihi wazichukue. Penye saini na ushahidi, husema, "Ni ya fulani." Penye mkono unaofanana, husema, "Ni ya karakana ya fulani, au ya waliofuata mtindo wake." Penye mifupa na mihuri tu, husema, "Ni kazi ya Suhl, kabla ya 1939," wakakomea hapo. Shairi lisilo na jina nalo lina mifupa yake, yaani bahari, mizani na vina. Lina mihuri yake, yaani lahaja na maneno ya zama zake. Tulisome kwa hizo, tuandike tulichokiona, na pale penye jina tuache nafasi. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Nacho hakihitaji kuazima jina la jirani ndipo kinunuliwe.