Mwanamke Juu ya Farasi

Nimekulia Mpanda, na utotoni sikuwahi kumwona farasi. Misitu yetu ya miombo ina mbung'o wengi, na nagana humuua farasi upesi. Kwetu chombo cha heshima kilikuwa baiskeli.

Ndiyo maana nilipokutana kitabuni na picha ya María Teresa de Vallabriga juu ya farasi, nilimkumbuka mama. Picha hiyo ilichorwa na Mhispania Francisco Goya mwaka 1783, na sasa imehifadhiwa katika jumba la Uffizi, mjini Florence, Italia. Si kubwa, kimo chake ni kama sentimita 82 tu.

María Teresa alitoka katika ukoo bora, ila hakuwa wa damu ya kifalme. Mwaka 1776, akiwa hajatimiza hata miaka 18, aliolewa na Luis, mdogo wake Mfalme Carlos III, mwanamume aliyekaribia miaka 50. Mfalme aliikubali ndoa hiyo kwa masharti magumu: mke asikanyage kwenye kasri lake, na watoto wasitumie jina la Bourbon.

Mwaka 1778 Goya alikuwa amenakili picha za malkia wa Hispania juu ya farasi, kazi za Velázquez, mchoraji wa karne ya 17. Kwa hiyo alijua afanyalo. Kiti ambacho mfalme alimnyima mwanamke huyu, mchoraji alimpa juu ya tandiko.

Luis alifariki mwaka 1785, na watoto wakaondolewa mikononi mwa mama yao. Jina la Bourbon walirudishiwa mwaka 1799, baada ya binti mmoja kuolewa na Godoy, mtu mwenye nguvu serikalini.

Mama yangu naye alipigwa picha studio, pale Mpanda mjini, ameshika usukani wa baiskeli ya baba. Baba alipofariki, shemeji zake walikuja wakaichukua baiskeli, nasi watoto tukagawanywa kwa ndugu. Mama akabaki na picha.

Kwa miaka mingi nilidhani anaitunza kwa ajili ya kumkumbuka baba. Siku moja nikamwuliza. Akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akanipa.

"Tazama vizuri, mwanangu. Hapo nani kashika usukani?"