Kutoka Uchaga hadi Kabati: Mbao za Jikoni kati ya Msitu wa Kilimanjaro na Holili

Nyumba ya kale ya Wachaga wa Kilimanjaro, iliyoezekwa kwa nyasi au majani ya migomba kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, haikuwa na kabati, kwa kuwa vibuyu, vyano na mahindi vilikaa kwenye uchaga, yaani kichanja cha juu ya meko, ambako moshi ulikausha nafaka na kufukuza wadudu, na kazi hii ya kufukuza wadudu baadaye ilitarajiwa kufanywa na mbao ya kabati yenyewe.

Kabati, kitu kilichokuja na jina lake la Kiingereza, lilienea pamoja na nyumba za bati zilizojengwa kwa fedha za kahawa, hasa baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa mwaka 1933. Mafundi waliopata nafasi ya kuchagua walipendelea mkulo, mti wa msitu mnyevu unaoitwa kitaalamu Ocotea usambarensis, ambao mbao yake haishambuliwi kirahisi na mchwa na hutoa harufu ya kafuri, ingawa si mkafuri wenyewe wa Asia. Sifa hizo ndizo zilizouponza. Mwaka 1984 amri ya rais ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili katika msitu wa Kilimanjaro, lakini uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulikuta mikulo ikiendelea kukatwa kwa wizi.

Kazi ya mafundi ikahamia kwenye saiprasi ya mashamba ya serikali ya Rongai na Kilimanjaro Magharibi, ambayo ni laini kwa randa lakini ina vifundo vingi, na kwenye miti ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa. Humo mlikuwa na mgrevilea, mgeni kutoka Australia aliyepandwa kutia kahawa kivuli, na mringaringa (Cordia africana), mwenyeji ambaye tangu zamani alichongwa mizinga ya nyuki.

Holili, mji wa mpakani unaotazamana na Taveta ya Kenya, umekaa katika ukanda mkavu wa chini, na hapo ndipo uzembe wa fundi huumbuka: mbao iliyopasuliwa kwenye ubaridi wa juu na kuteremshwa ingali mbichi husinyaa, mlango ukapinda na bawaba zikavuta skrubu. Fundi makini huzipanga mbao kivulini, kila safu ikitenganishwa na vipande vyembamba ili hewa ipite, kisha hutengeneza fremu yenye mfereji na kuutia ubao wa kati bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Mbao za nyuzi za mti zilizogandamizwa kiwandani, maarufu kwa jina la emdiefu, hazipindi hivyo, ila karibu na sinki hufura zikilowa na hazirudi tena katika umbo lake.

Kwa jiko la Holili, basi, mringaringa uliokaushwa vizuri ndio mrithi halali wa mkulo, na saiprasi inatosha kwa rafu za ndani.